Kasema Nani, Kakubali Nani

Wagonjwa walimwita Mama Namba, kwa kuwa ndiye aliyegawa namba pale kliniki ya meno. Kwenye karatasi ya ajira kazi yake ilikuwa usafi. Alideki sakafu kabla mlango haujafunguliwa, akafuta mabenchi mawili ya mbao na viti sita vya plastiki, akasugua beseni la kutemea mate, ndipo akanawa mikono na kuchukua vibao vyake. Vilikuwa vipande vya plastiki ngumu, moja hadi arobaini, vimetungwa kwenye msumari karibu na dirisha. Cha kumi na saba kiliondoka na mgonjwa mmoja aliyesikia mashine ya kutoboa ikilia ndani, akatoka mbio nacho mkononi, na hadi leo hajaonekana yeye wala kibao. Mahali pake palikuwa na kifuniko cha kopo kilichoandikwa 17 kwa kalamu nzito.

Hakuna aliyemtuma kugawa namba. Alianza mwenyewe, siku wanawake wawili wenye mashavu yaliyovimba walipogombania mlango huku hakuna hata mmoja anayeweza kutukana vizuri kwa sababu ya maumivu. Shule aliiacha darasa la sita, lakini macho yake yalikuwa ya mama aliyelea wanne: hata akikupa mgongo, anakuona. Alijua nani anaumwa kweli na nani amekuja kupumzika kidogo kazini kwake. Na wasiwasi aliuzoea kama watu wanavyozoea saa ya mkononi. Siku asipokuwa nao alihisi kuna kitu amekisahau nyumbani.

Mwezi ule wasiwasi ulikuwa na jina, nalo ni Kitinda.

Kitinda alikuwa binti yake wa mwisho. Aliajiriwa kwenye ofisi ya watu wanaotengeneza programu za kompyuta, na kwa miaka miwili alichofanya ni kupokea simu za watu waliosahau nywila zao. Mama yake ndiye aliyempatia kazi kubwa. Alimwambia Daktari siku moja wakinywa chai, "Daktari, hivi vibao vitaisha. Binti yangu anaweza kuviweka kwenye kompyuta." Daktari, mtu mzima mwenye roho nzuri na mikono mikubwa ambayo haikutarajiwa kuingia mdomoni mwa mtu, akalipenda wazo. Akaenda ofisini kwa kina Kitinda, makubaliano yakaandikwa karatasi moja, mistari mitatu tu: mgonjwa akifika anaandikwa jina, anapewa namba, kioo kikubwa cha kompyuta ukutani kinaonyesha na kutaja kwa sauti zamu ya nani.

Bosi wa Kitinda, mtu wa kutabasamu sana mbele ya wateja na kidogo sana mbele ya wafanyakazi, alimwita binti akamwambia, "Hii ongoza mwenyewe. Alhamisi ya mwisho wa mwezi nataka saini ya Daktari kwamba kazi imekamilika. Isipopatikana nampa Mtaalamu, wewe unarudi kwenye simu zako." Mtaalamu alikuwa kijana wa pale ofisini aliyeitwa hivyo kwa sababu alijiita hivyo.

Basi mama akarudi kliniki akitembea kama mtu aliyebeba maji yasiyotakiwa kumwagika.

Wiki ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili, saa nne ya chai, Daktari alitoka chumbani akivua glavu, akasema, "Mama, nimewaza. Yule mzee mwenye fimbo amekaa saa nzima. Ile programu ya binti yako iwatangulize wazee. Inawezekana?"

Ni mama gani atakayeulizwa kama mtoto wake anaweza jambo, aseme hawezi?

"Binti yangu?" alisema Mama Namba. "Hilo kwake ni kama kunywa maji."

Jioni akapeleka habari nyumbani. Kitinda akasema, "Sawa Mama, dogo hilo," akakaa mbele ya kompyuta yake kwenye meza ya kulia.

Kesho yake aling'olewa jino mwalimu wa hesabu. Daktari akatoka. "Mama, kioo kionyeshe dakika zilizobaki. Mtu ajue anasubiri kiasi gani. Inawezekana?"

"Kabla ya Jumatano, Daktari."

Kikafanya hivyo. Jumatano Kitinda alipoleta ya majaribio, kioo kikasema dakika kumi, jino la mgonjwa aliyekuwa ndani likakataa kutoka kwa dakika hamsini, na benchi zima likageuka na kumtazama Mama Namba kana kwamba amewauzia saa mbovu. Daktari akasema dakika zitolewe. Badala yake kioo kiandike "karibu".

Hapo ndipo mlango wa mawazo ulipofunguka. Alikuja mama wa mapacha, na Daktari akataka mapacha wahesabiwe namba moja. Siku mbili baadaye wakaja mapacha wengine, mmoja anaumwa na mwenzake amekuja kumcheka, Daktari akataka wahesabiwe mbili. Alikuja bwana mmoja mwenye aibu ambaye hakutaka jina lake lionekane ukutani, na Daktari akataka majina yafutwe, zibaki namba. Akaja bibi asiyezijua namba, majina yakarudishwa. Yule bwana mwenye aibu akarudi kuziba jino la pili, ikaamuliwa yaandikwe nusu ya majina. Nusu ipi, hakusema.

Kisha akaja seremala mmoja, pande la mtu, aliyezimia kwenye benchi lililo karibu na mlango kwa kusikia tu mlio wa mashine. Daktari akatoka amefurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Mama! Programu iwaulize watu: unaogopa? Anayeogopa akae mbali na mlango. Inawezekana?"

"Inawezekana, Daktari."

Iliwezekana. Kitinda aliandika, wakajaribu siku nzima. Wanaume wote walijibu hapana, wakiwemo wawili waliokuwa wameshikana mikono.

Mama Namba, kwa ule uangalifu wake, aligundua jambo ambalo hata Daktari mwenyewe hakulijua: kila wazo jipya lilitoka kwa mgonjwa wa mwisho kukaa kwenye kile kiti. Daktari hakuwa na ubishi wala kiburi. Alikuwa tu mtu wa huruma, na huruma yake ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kesho programu itabadilishwa nini, tazama leo nani anatoka ameshika shavu.

Lakini kugundua si kuzuia. Na nyumbani mambo yalikuwa yameharibika.

Kila asubuhi mama alipoamka alikuta sahani ya Kitinda imefunikwa vilevile alivyoifunika yeye, chakula hakijaguswa, na binti amekaa palepale, macho mekundu, kanga ya usingizi mabegani, akibonyeza. Mashavu yalikuwa yamembonyea. Vipimo vya mama ni vikali kuliko vya mzani. Alipomwona anakaza mkanda wa sketi kwa pini, akaifunua ile sahani na kumsogezea.

"Mwanangu, kula."

"Nitakula, Mama."

"Ulisema hivyo jana."

"Na jana niliseme kweli," alisema Kitinda bila kugeuka, akakosea hata kusema. "Nilisema. Mama, nani huko kwenu anakubali haya mambo? Kila nikimaliza moja, mnakuja na mawili. Kuna mtu hapo anasema ndiyo kwa kila kitu. Nikimjua, wallahi nitamng'oa jino mimi mwenyewe."

"Watu wabaya, mwanangu," alisema mama. "Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa."

Siku tisa, kisha Mtaalamu. Mama Namba alitoka nyumbani siku hiyo na nia moja: kumkamata huyo mtu.

Kwa akili yake, mtu huyo alikuwa Nesi. Nesi alikuwa mwanamke wa rika lake, mwepesi wa mdomo, ambaye tangu mwanzo hakuipenda habari ya kompyuta. Alisema kioo kile kingewafanya wagonjwa watazame ukuta badala ya kumsalimia. Mara mbili Mama Namba alimkuta akimnong'oneza Daktari, na kikulacho ki nguoni mwako. Akanunua daftari la kurasa thelathini na mbili. Akachora mistari kwa rula, akaandika juu kwa herufi kubwa: SIKU. JAMBO. KASEMA NANI. KAKUBALI NANI. Kama kuna mwizi, mwizi ataonekana. Akaanza kwa kukumbuka yote ya nyuma, kisha kila siku akajaza mapya, ameficha daftari ndani ya ndoo ya matambara makavu kule chooni.

Aliandika kwa haki. Mapacha, kasema Daktari. Rangi ya kioo ifanane na fizi yenye afya, kasema Daktari, baada ya kumtibu mchoraji wa mabango. Sauti ya kuita wagonjwa iwe ya mwanamke, kasema Nesi. Aha! Akaipigia mstari. Sauti hiyo isiwe ya ukali, kasema Nesi. Mistari miwili.

"Mwenzangu, unaandika nini huko chooni?" Nesi alimwuliza.

"Sabuni zilizoisha."

"Sabuni gani inaandikwa kwa rula? Unaandika wosia wewe."

"Nikifa hupati kitu, usihangaike."

Nesi akacheka hadi akaegemea kabati la dawa. Mama Namba akaona hiyo ni dalili ya hatia.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku nne, alimsubiri Kitinda amalize kuoga, akamketisha mezani, akasukuma kompyuta pembeni na kuweka daftari mbele yake kama mwendesha mashtaka.

"Nimemkamata," alisema. "Yote yamo humo. Soma mwenyewe, mimi sitaki kusema jina la mtu."

Kitinda alifungua. Akasoma ukurasa wa kwanza polepole, kidole kikishuka. Akafungua wa pili. Akarudi wa kwanza. Mama alikuwa amekunja mikono kifuani akisubiri aseme, "Nesi!"

"Mama."

"Sema tu, mwanangu."

"Hapa kwenye kakubali nani. Umeandika 'mimi'."

"Hapo niliulizwa, nikajibu."

"Na hapa."

"Na hapo niliulizwa."

"Mama, yako kumi na tisa. Mimi, mimi, mimi, mimi…" Kidole kilikuwa kinateremka kama mtu anayeshuka ngazi. "Hapa umeandika 'mimi, kwa furaha'."

Mama Namba alilivuta daftari, akalitazama. Aliandika kila neno kwa mkono wake, kwa rula, bila kumwonea mtu, na alikuwa hajaisoma ile safu ya mwisho hata siku moja kutoka juu hadi chini. Sasa akaisoma. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo baada ya kulala usingizi wa mchana.

"Na haya manne," Kitinda aliendelea, "kasema nani, nako umeandika mimi. Programu imwulize mgonjwa kama amekula. Imwulize kama ana mtu wa kumsindikiza. Iandike 'pole' kabla ya jina. Isiite mtu aliyesinzia hadi aamke mwenyewe. Mama! Hii ya kusinzia ilinichukua siku tatu! Kompyuta itajuaje kama mtu amesinzia?"

"Daktari angeulizwa, angetaka."

"Wewe ndiye uliyesema Daktari anataka!"

Mama Namba aliangalia mikono yake. Kisha akasikia sauti ya ajabu, akainua kichwa haraka akidhani binti analia. Kitinda alikuwa ameweka paji la uso mezani, mabega yanatikisika, na alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kabisa, kile ambacho kikiachwa kidogo tu kinageuka kilio. Kikageuka. Mama akamshika kichwa.

"Nilitaka wajue unaweza," alisema.

"Naweza, Mama. Kila moja naweza. Siyo hayo." Alifuta uso kwa kanga ya mama yake. "Sikia. Ukiwa na watu ishirini kwenye mabenchi, akaja mzee, ukataka akae wa kwanza. Unafanyaje?"

"Nawaambia wote wasogee."

"Wote. Akaja mwenye mtoto?"

"Wasogee tena."

"Akaja mzee mwenye mtoto, anayeogopa, ambaye hajala, na mtoto ni pacha?"

Mama Namba aliwaza benchi lake, akaona wazi vurugu itakayotokea. "Hapo watapigana," alisema.

"Ndiyo wanapigana humo ndani ya kompyuta. Nikiongeza la leo, la jana linavunjika. Narudi kulitengeneza la jana, linavunja la juzi. Ule mstari wa kwanza kabisa, wa kuandika jina, tangu Ijumaa haufanyi kazi. Alhamisi Bosi atakuja, atabonyeza jina lake, kioo kitamwambia pole."

"Basi mwambie Daktari hapana."

"Nimwambieje hapana, na wewe umeshamwambia ndiyo?"

Hilo lilimwingia. Ahadi ni deni, na mwenye deni hapa hakuwa mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Kitinda, mama yake alilala akiwa na wasiwasi juu ya nafsi yake mwenyewe.

Jumatatu saa nne alipeleka chai ya Daktari, lakini hakutoka. Alisimama mlangoni ameshika daftari. Nesi alikuwa anapanga koleo kwenye sinia, akaacha kupanga ili asikie vizuri.

"Daktari," alisema Mama Namba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa hajawahi kumpinga mtu huyu kwa neno lolote; kwake ilikuwa ndiyo, haya na maji yamekatika. "Mgonjwa akija na meno kumi na tisa mabovu, unayang'oa yote siku moja?"

Daktari aliweka kikombe chini kwa hofu. "Yuko nje?"

"Hapana, nauliza tu."

"Mtu huyo utamuua! Hata kula hataweza. Unamkagua kwanza, unaanza na linalouma, mengine yanasubiri. Mengine hata hayahitaji kung'olewa, ni mtu tu ana hofu."

"Basi nina mgonjwa huyo," alisema Mama Namba, akamwekea daftari mezani. "Ni programu ya binti yangu. Na meno yake nimeyaharibu mimi. Uliniuliza kama inawezekana, nikakwambia inawezekana, bila kumwuliza yeye. Nilikuwa natamba. Alhamisi bosi wake anakuja, na programu haijui hata kuandika jina. Ikishindikana, kazi anapewa mwingine."

Nesi alisema taratibu, kama mtu anayeomba dua, "Nyani haoni kundule."

"Wewe nyamaza, nilikuandika mara mbili kwa kukushuku," alisema Mama Namba. "Nisamehe."

"Mimi? Kumbe zile sabuni ndizo mimi?"

Daktari alikuwa amevaa miwani na kuanza kusoma. Alisoma kwa umakini uleule anaosomea picha za mifupa. Alipofika kwenye rangi ya fizi alikohoa. Alipofika kwenye wanaoogopa aliinama karibu zaidi. "Haya yote nimesema mimi?"

"Kumi na matatu wewe, mawili Nesi, manne mimi."

"Kwa mwezi mmoja?"

"Wiki tatu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa koti. "Mama, mimi nilidhani ni mambo ya kubonyeza tu."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe kila moja linasogeza benchi zima. Sasa niambie, Daktari. Linalouma ni lipi?"

Daktari alishika kalamu yake nyekundu, ile ya kutia alama meno mabovu kwenye fomu. Alipitia mistari yote tena, chai ikipoa. Mwishowe akazungushia mawili. La kwanza: mwenye uvimbe au anayetoka damu apite mbele ya wote, awe mzee, kijana au pacha. La pili: mwenye ahadi ya kesho atumiwe meseji ya kukumbushwa, kwa sababu nusu yao hawaji. "Haya ndiyo yanayonikosesha usingizi," alisema. "Mengine ni mazuri tu."

"Mazuri yasubiri," alisema Mama Namba. Akachukua kalamu yake, akayapa namba kwenye pambizo, moja hadi kumi na tisa. "Yasiyozungushiwa yanakaa benchi. Baada ya Alhamisi tunaita moja moja, na kila tukiita tunamwuliza binti kwanza. Na lolote jipya linachukua namba, linakaa nyuma."

"Ni haki," alisema Daktari. Kisha kidole chake kikasimama. "Lakini hili la kuuliza kama mtu amekula. Hili sikumbuki kulisema, na ni zuri sana. Watu wanaanguka humu kwa njaa! Hili liingie la tatu."

Hapo Mama Namba alipata mtihani ambao hakuusomea. Wazo lilikuwa lake. Lilikuwa limesifiwa, tena na Daktari, tena mbele ya Nesi. Alihisi uso wake unataka kutabasamu wenyewe.

"Hilo ni langu," alisema. "Na halipiti."

"Lakini ni zuri."

"Nalijua ni zuri, nimelizaa mimi. Lakini kama mtu amekula au hajala, nitamwuliza kwa mdomo wangu, kama ninavyouliza siku zote. Binti yangu asikose kula kwa ajili ya kuandika hilo."

Nesi akaanza tena kupanga koleo.

Kitinda alipopata habari alikaa chini pale pale jikoni, juu ya dumu la maji. Akauliza mara mbili kama kweli ni mawili tu. Kisha akaeleza kwamba kutoa nako ni kazi, kwamba yale kumi na saba yameshaota mizizi na huwezi kuyang'oa ovyo, lakini siku tatu zinatosha. Akala. Mama alihesabu matonge hadi binti akamwomba atazame pembeni.

Alhamisi Bosi alifika saa tatu na nusu, amevaa tai, amekuja na Mtaalamu kabisa, ambaye alisimama nyuma akitazama ukuta kama mpangaji anayekagua chumba ambacho mwenyewe hajahama. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Kitinda alikaa kwenye kimeza kidogo karibu na mlango, mgongo umenyooka, mikono imetulia. Mama yake alikuwa anadeki mahali palipodekiwa mara tatu.

Mgonjwa wa kwanza akaandikwa jina. Namba ikatoka. Kioo kikaonyesha. Wa pili, wa tatu. Akaingia mama mmoja, shavu limevimba kama ameweka limau mdomoni, Kitinda akabonyeza mara moja na jina likapanda juu ya wote. Benchi zima likamtazama huyo mama, likaona shavu lenyewe, likakubali. Saa moja ikapita bila kosa. Bosi akatoa karatasi ya saini kwenye mkoba, akaikunjua.

Mlango wa ndani ukafunguka. Daktari akatoka, glavu mikononi, uso unang'aa. Nyuma yake alitoka mama mmoja mfanyabiashara akishika taya. Mama Namba aliutazama uso ule wa Daktari, akaacha kudeki. Aliujua. Ulikuwa uso wa mtu aliyeokota kitu.

"Nimepata wazo," alisema Daktari. "Huyu mama ameniuliza jambo la maana sana. Mtu anapokuwa ndani, simu yake iwe inampa habari nani anafuata nje, ili kama ni jirani yake wasubiriane. Kabla sijasaini. Inawezekana?"

Kitinda akaondoa vidole kwenye kompyuta. Bosi alikuwa ameshafungua tabasamu lake lote. "Daktari, kwako hakuna lisilowezekana. Hilo ni dogo kab—"

"Ishirini," alisema Mama Namba.

Watu waligeuka. Alikuwa katikati ya chumba ameshika fagio la kudekia, maji yanamchuruzikia kwenye ndala. Bosi alimtazama kama mtu aliyesikia kabati linaongea.

"Samahani, mama, sisi tunazungumza na—"

"Nimesikia. Wazo limefika, namba yake ni ishirini. Nitaliandika." Akamgeukia Daktari. "Likae benchi, Daktari. Kama tulivyosema."

Daktari alisimama amenyanyua mikono yenye glavu. Midomo ya wagonjwa, hata iliyokuwa haiwezi kufunguliwa kwa uvimbe, ilikuwa wazi. Nesi alichungulia mlangoni.

"Wangapi wako mbele yangu?" aliuliza Daktari.

"Kumi na saba. Na wewe huumwi."

Alianza mzee mmoja kwenye benchi la nyuma, akacheka huku ameshika taya, akisema, "Msinichekeshe, msinichekeshe, linauma." Kicheko kikatambaa benchi la kwanza, kikaruka kwenye viti. Daktari naye akacheka, akavua glavu moja, akaenda hadi kwa Bosi, akaitandaza karatasi ukutani na kusaini kwa herufi kubwa.

"Kazi imekamilika," alisema. "Yaliyobaki yana foleni. Na hiyo foleni nataka aiendeshe huyu binti, siyo mtu mwingine." Hakumtazama Mtaalamu, lakini Mtaalamu aliangalia viatu vyake.

Bosi aliikunja karatasi taratibu. Alipokuwa anatoka alimwinamia Kitinda na kumwuliza kwa sauti ya chini kama lile daftari la mama linaweza kuazimwa ofisini, wainakili ile mistari yake. Kitinda akasema atauliza.

Walipokwisha kuondoka, Kitinda alisema anajinyoosha mgongo dakika tano. Akaenda kwenye benchi la pembeni, akalala na viatu. Dakika tano zikawa saa. Mama Namba alivua kanga yake ya mabegani akamfunika, akapunguza sauti ya mashine ya kuita wagonjwa hadi ikawa kama mtu anayesimulia siri.

Akaingia bwana mmoja na bahasha ya picha ya meno. Akatazama huku na huku, akamwona binti amelala.

"Na huyu dada, anafuata yeye au mimi?"

"Huyu siyo wa foleni," alisema Mama Namba. "Kaa kule. Umekula?"